Utepe Mwekundu wa Lango la Onlaini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya mashauriano marefu ofisini kwangu imeonekana ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi, ila kwa kofia nyingine, Mheshimiwa Naibu Mratibu wa Uratibu, Katibu wangu mpendwa, mwenye jalada kwapani na kalamu sikioni, Mwalimu wa kompyuta, anayekiwakilisha hapa chuo kikuu cha mtandaoni, chuo ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona kwa macho, na huo ndio uzuri wake, viongozi wa dini, wazee wa mtaa, kina mama wa kwaya, ambao sare zenu zimetupendezesha hata sisi tusiozivaa, seremala, mchora mabango, fundi wa spika, ambaye namwomba kwa heshima zote auondoe huo mluzi, waandishi wa habari, nyote wawili, majirani mliosikia muziki mkaja kuona kuna nini, na wale wote ambao sijawataja na mmeshaanza kununa: jihesabuni mmetajwa, tena mmetajwa vizuri kuliko wenzenu.

(Makofi. Spika inapiga mluzi.)

Kwa wageni wasionijua, kama wapo, mimi ndiye Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Maendeleo ya Kidijitali na Mambo Yanayofanana na Hayo. Najua huko mitaani mnaniita Mzee Mkasi. Msitazamane, najua. Wala sijachukia, kwa sababu jina hilo nimelitolea jasho. Nimekata utepe wa visima, wa madaraja, wa vyoo, wa mashine ya fotokopi, na mwaka juzi nilikata utepe wa mkasi mpya wa ofisi kwa kutumia mkasi wa zamani.

(Vicheko.)

Ahsanteni, naona mnafurahia maendeleo. Leo tumekusanyika chini ya turubai hili, katika uwanja huu, kuzindua Mpango Mkakati Shirikishi wa Felowshipu za Kampuni kwa Wanafunzi wa Uzamili wa Sayansi ya Kompyuta kwa Njia ya Onlaini, Awamu ya Kwanza, Kipengele A. Jina ni refu kwa makusudi. Mpango wenye jina fupi, watu wanaupita bila hata kuusalimia.

Sasa niufafanue kwa lugha nyepesi, maana namwona bibi mmoja pale mbele ameanza kusinzia na hotuba bado mbichi. Mwanafunzi anasoma akiwa nyumbani kwake, kwenye kompyuta, huku anaendelea na kazi yake ya kila siku. Kampuni inamlipia. Akimaliza, yeye anapata shahada, kampuni inapata mtaalamu, na mimi napata picha ya ukutani. Wataalamu wanasema hiyo ni faida kwa pande zote mbili, lakini mimi nimezihesabu hapa zimefika tatu, na hapo ndipo mnapoona umuhimu wa kuwa na Mratibu.

Na mwanafunzi mwenyewe tunaye. Simama, binti yangu, stekiholda wote, yaani wadau, wakuone.

(Binti anasimama, simu mkononi. Anainua mkono kama mtu anayetaka kuuliza jambo.)

Anatupungia. Mpungieni na ninyi, jamani, msiwe wachoyo.

(Umati unampungia.)

Huyu mnamfahamu. Ndiye anayewauzia dawa pale kwenye duka la kona, ndiye anayewaandikia juu ya boksi kutwa mara tatu, na ninyi mnazimeza zote asubuhi ili mambo yaishe. Mwaka jana chuo kilimkataa. Akasoma hesabu upya, peke yake, nyuma ya kaunta, katikati ya kikohozi chenu. Mwaka huu chuo kimemkubali. Na leo, kama Mwalimu alivyonikumbusha kwenye simu, halafu getini, halafu tena wakati natafuta pa kuegesha gari, saa sita mchana ndiyo mwisho. Ikifika saa sita hajajaza jina la kampuni inayomfadhili kwenye ukurasa wa usajili, mashine inalifuta jina lake, anapewa mwingine nafasi. Na mashine, ndugu zangu, haina mjomba.

Ndiyo maana niliagiza uzinduzi ufanyike leo hii hii, saa tatu asubuhi. Saa tatu nilikuwa nakunywa chai. Saa nne gari lilikuwa linaoshwa, kwa sababu huwezi kuja kuzindua teknolojia na gari lenye matope. Sasa hivi ni saa tano na kitu. Muda upo tele. Haraka haraka haina baraka.

(Binti anainua mkono tena. Mwalimu naye anainua wake, anagonga saa yake kwa kidole.)

Mwalimu ananionyesha saa yake. Saa nzuri sana, Mwalimu, hongera.

Karibu na binti pale, yule mama aliyeketi kwenye ukingo wa kiti kama anayetaka kukimbia, ndiye mama yake mzazi, fundi cherehani maarufu, na kabla sijasahau nitoe shukrani za pekee kwake. Mkasi wangu wa kazi umebaki kwenye uzinduzi wa jana. Sisi tunahangaika hapa, Katibu amefika hatua ya kunitafutia wembe, ndipo mama huyu akafungua pochi akatoa mkasi wake wa kukatia vitambaa. Mkasi mzito, una meno ya simba. Mama akaniambia, nanukuu, "Baba, huo ni wa kitambaa tu, usikatie karatasi, utaniharibia." Mama, ondoa shaka. Utepe wetu ni wa kitambaa. Au, Katibu? Katibu anatazama chini. Tuendelee.

(Mama wa binti anasimama nusu. Binti anamshika mkono, anaketi.)

Sasa nizungumzie hili Lango. Nimeona tangu mfike mnalizunguka, mnachungulia huku na huku, watoto wanapita mbio upande huu na kutokea upande ule. Naomba tuliheshimu. Wataalamu walipoleta andiko la mpango huu mezani kwangu, nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kama ilivyo desturi, kisha nikauliza swali moja tu: jengo liko wapi? Wakasema, Mheshimiwa, kozi ni ya onlaini, haina jengo. Nikauliza, basi nitakata utepe wapi? Wakaanza kulipekua andiko. Watu wana shahada mpaka za ziada, wanapekua. Kwa sababu utepe, ndugu zangu, hauwezi kufungwa hewani. Unataka mahali pa kushika huku na mahali pa kushika kule.

Nikamwita seremala. Nikamwambia, nitengenezee mlango wa kuingilia onlaini. Seremala hakuniuliza maswali ya kitaalamu, aliniuliza upana tu. Na huu hapa mnauona, umesimama katikati ya uwanja, mbao ngumu, fremu imara, bawaba nne, kitasa cha kisasa, na utepe mwekundu umepita katikati. Hauna ukuta kulia wala kushoto, kwa sababu onlaini haina mipaka. Kamati ilikaa vikao kadhaa kuamua ndani ni upande upi na nje ni upande upi. Wajumbe wawili mpaka leo hawasalimiani. Mwisho tuliafikiana kwamba ndani ni upande ule wenye kivuli.

(Vicheko virefu. Bibi wa mbele anaamka, anauliza kama wameshaingia.)

Bado, bibi, bado. Utaingia.

Mnacheka, lakini hii ni inovesheni. Kuna watu huwa wanauliza, Mheshimiwa, kwa nini unazindua kwanza? Kwa nini usisubiri mradi uwepo? Hao hawajui prosesi. Katika ofisi yangu, mradi ambao haujazinduliwa hauna jalada. Mradi usio na jalada hauna namba. Usio na namba, haupo. Sasa utausubirije uwepo wakati haupo mpaka uzinduliwe? Huo ndio mfumo, ninyi niwekeeni imani tu. Uzinduzi ndio unauzaa mradi. Mimi hapa ni mkunga.

Tuje kwenye takwimu, maana hotuba isiyo na takwimu ni porojo. Mpaka ninavyozungumza, tumefikia asilimia tisini ya safari ya kuelekea asilimia hamsini. Wanafunzi wanaonufaika ni mmoja, ambaye kitakwimu ni asilimia mia moja ya wanafunzi wote waliopo. Ukimlinganisha na mwaka jana, ambapo tulikuwa na sifuri, ongezeko hilo kikokotoo cha Katibu kimeshindwa kulionyesha, kimeandika kosa. Kuridhika kwa wananchi kumepanda. Kutoridhika nako kumepanda, lakini polepole.

(Binti: "Mheshimiwa, samahani." Kwaya inadhani ni ishara, inaanza wimbo. Wimbo unaimbwa beti zote.)

Ahsanteni sana, kina mama. Wimbo mzuri, umetugusa. Hapo kwenye kibwagizo mmenitaja mara nyingi kuliko nilivyoelekeza, lakini sitawalaumu.

Sasa niombe vifaa. Katibu, leta kompyuta mpakato.

(Katibu anapanda jukwaani na boksi kubwa lenye utepe. Mheshimiwa analikabidhi kwa mama wa binti kwa niaba ya familia. Mama analipokea kwa mikono miwili, kisha kwa mkono mmoja, kisha kwa vidole viwili.)

Mama anashangaa wepesi wake. Hiyo ndiyo teknolojia ya kisasa, mama, siku hizi vitu havina uzito. Enzi zetu kompyuta moja ilibebwa na wanaume wanne na mmoja wao lazima aumie mgongo.

(Mama analitikisa boksi sikioni. Anasema, na kipaza sauti kinamnasa: "Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili hata kuvuma halivumi.")

Mama yetu ana methali. Mama, usilitikise. Hilo ni boksi kiwakilishi. Linawakilisha kompyuta, kama mimi ninavyowawakilisha ninyi. Yaliyomo yatafuata kwa utaratibu wake. Picha zimeshapigwa? Zimepigwa. Basi Katibu lirudishe lile boksi, kesho tunalihitaji kwenye uzinduzi wa jiko la gesi.

Binti yangu, nakuona unainua mkono, na safari hii umeinua yote miwili. Moyo wa shukrani unao. Nitakupa nafasi. Lakini itifaki inasema mfadhili hutajwa mwishoni, kama mtoto anavyoacha kipande kinono cha nyama ili akimalizie kwa raha. Kwa hiyo sitaitaja kampuni hiyo kwa sasa. Nitasema tu kwamba ni kampuni kubwa. Tazameni bango nyuma yangu. Oneni nembo yake, ile duara ya bluu yenye jani katikati. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisimama pale kwa mchora mabango nikasema moyoni, hawa watu hawatanii. Kampuni yenye nembo kama ile haiwezi kumwacha binti wa watu njiani. Hata kiti chao kile tumekifunika kitambaa cheupe, na chupa ya maji juu. Mwakilishi wao hajafika. Nadhani anatafuta pa kuegesha.

(Mwalimu anatembea mpaka mbele ya jukwaa. "Mheshimiwa, imebaki kidogo sana. Taja tu jina. Binti ana ukurasa wazi kwenye simu.")

Mwalimu, wewe unafundisha mashine, mimi naongoza watu. Mashine ukibonyeza inaitika. Watu lazima uwapashe moto. Rudi ukae, kaka. Nimebakiza mambo machache: dira, dhima, malengo, shabaha, roudimapu, na historia fupi ya maisha yangu.

(Manung'uniko. Bibi wa mbele: "Mtajie mtoto jina, baba, tukale.")

Haya. Haya, bibi amesema, na mkubwa haambiwi hapana. Nitaruka dira. Nitaruka dhima. Historia yangu mtaipata kwa Katibu, ina picha. Niingie moja kwa moja kwenye shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kikubwa hatashukuru. Binti yangu, njoo. Njoo jukwaani, shika kipaza sauti, sema neno la ahsante kwa niaba ya asilimia mia moja ya wanafunzi.

(Binti anapanda. "Shikamoo, Mheshimiwa. Mimi nilikuwa nauliza jina la kampuni, basi. Tangu ulipoanza nilikuwa nauliza hilo tu. Ukilitaja sasa hivi naliandika, nitawahi. Nimeshajaza mengine yote.")

Hilo tu? Hilo ndilo ulilokuwa unapungia? Basi ungesema mapema, mwanangu. Ndugu zangu, kwa heshima na taadhima, nachukua fursa hii adhimu kuishukuru kwa dhati kampuni yetu mfadhili, kampuni ya... Katibu. Katibu, jina.

(Katibu anafungua jalada. Analifunga. Anamtazama Mwalimu.)

Katibu anasema jina analo Mwalimu. Mwalimu, tupe jina, binti anaandika.

(Mwalimu: "Sisi? Sisi chuo tuliandikiwa barua kwamba kampuni mnayo ninyi. Ndiyo maana tukampa mtoto nafasi.")

Mwalimu anasema kampuni tunayo sisi. Katibu anasema nimwambie Mwalimu kwamba sisi tulisikia binti amepata nafasi, tukajua kampuni wanayo wao, maana nani humpa mtu nafasi bila kampuni? Inaonekana kila mmoja alimwona mwenzake anacheza, akajua ngoma ipo. Tulieni. Tulieni, jamani, jibu tunalo ukutani. Mchora mabango, wewe ndiye uliyechora nembo. Simama utuambie ile duara ya bluu ni ya kina nani.

(Mchora mabango, akiwa amesimama: "Mheshimiwa, karatasi mliyoniletea iliandikwa, hapa weka nembo ya mfadhili. Nikamsubiri Katibu alete nembo, hakuleta. Nikaona nafasi nyeupe itawaaibisha. Nikaweka ile ninayowaonyeshea wateja kama mfano. Nilichora mwenyewe. Jani ni la mti ulioko nje ya kibanda changu.")

(Binti anaitazama simu yake. Mwalimu anaitazama saa yake, kisha anavua miwani. Simu ya binti inalia mlio mfupi.)

Ujumbe huo. Pengine ni wao kampuni. Soma, binti, usiogope.

(Binti anasoma: "Muda wa usajili umefungwa. Jina lako limeondolewa. Karibu tena mwakani.")

Mmesikia neno "karibu". Mashine ina adabu kuliko nilivyodhani.

(Binti: "Mheshimiwa, nimesubiri miaka miwili. Ningeambiwa tu hakuna kampuni, ningekwenda kuomba hata kwa mwenye duka. Jana nilikuwa na siku nzima." Anarudisha kipaza sauti.)

Uchungu huo ninauelewa, na nataka uingie kwenye kumbukumbu kama fidibaki. Lakini tusikate tamaa, penye nia pana njia, na tazama, njia yenyewe tumeitengeneza, ina bawaba nne. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mimi sipendi madeni, ndiyo maana leo sikuahidi kitu, nimezindua. Na sasa nasema rasmi, mbele ya waandishi wa habari wote wawili, mmoja kumbe ameshaondoka: naishukuru sana kampuni mfadhili kwa mchango wake mkubwa, kampuni ambayo kwa sasa haipo. Naushukuru mfuko wa felowshipu, ambao nao haupo, lakini hauna doa hata moja la ubadhirifu, jambo ambalo miradi iliyopo haiwezi kujivunia. Nawashukuru walimu, madarasa na kompyuta za mpango huu, popote vitakapopatikana. Cha kweli tulichonacho ni mlango, utepe, na mimi. Wengine walianza na pungufu ya hapo.

Sasa nakata. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa mkasi nilioazimwa, natangaza kwamba onlaini iko wazi.

(Anakata utepe. Ni wa karatasi. Mkasi unalia vibaya. Mama wa binti anafumba macho.)

Semeni nami. Onlaini!

(Sauti chache: "Hoyee.")

Felowshipu!

(Sauti moja, ya Katibu: "Hoyee.")

Elimu kwa wote, majengo hakuna! Mlango mmoja, taifa... mama, unakwenda wapi? Mama, hii ni sehemu ya wageni rasmi.

(Mama wa binti amefika. Ananyoosha mkono. "Baba, nipe mkasi wangu." Anapewa. Anapitisha kidole kwenye makali, anatikisa kichwa, anautia kwenye pochi. Kisha anamgeukia binti: "Mwanangu, twende zetu. Watu wanasubiri dawa pale dukani, na hao angalau wanajua wanachoumwa." Njia fupi ya kutokea uwanjani inapita kwenye Lango. Binti anazungusha kitasa, anamtanguliza mama yake, anapita na yeye. Mlango unajifunga nyuma yao.)

Mmeona? Ndugu zangu, mmeona kwa macho yenu? Yupo mtu aliyesema mpango huu hautafanya kazi, sasa aje aseme. Katibu, toa hiyo kalamu sikioni, andika, andika haraka kabla hawajafika barabarani. Walioingia onlaini: wawili, mmoja akiwa mzazi. Waliotoka: hao hao. Walioacha njiani: hakuna. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, na sasa tufuatane wote kwa mstari kupita Langoni, tukianza na mimi.

(Mheshimiwa anazungusha kitasa. Anazungusha tena. Seremala anasema kutoka nyuma kwamba kitasa ni cha kisasa, kikijifunga kinataka ufunguo, na ufunguo alimkabidhi Mratibu Mkuu. Mheshimiwa anajipapasa mifukoni. Bibi wa mbele anainuka, anashika fimbo yake, anapita pembeni ya mlango, na umati wote unamfuata.)